Shamba Kenya au Shamba Uganda? Linganisha Maji Kabla ya Bei ya Ekari

Swali hili linazunguka sana katika vyama vya hapa Nairobi: akiba ikishafika, tukodi ekari kadhaa Kajiado, Machakos au Kirinyaga, au tuvuke mpaka wa Malaba tukalime Uganda, ambako ardhi ni nafuu na mvua haina uchoyo? Kila anayelijibu huanza na bei ya ekari. Mimi naanza na maji. Kodi ya shamba unalipa mara moja kwa mwaka au kwa msimu. Maji unayalipa kila wiki: kwa mafuta ya pampu, kwa zao lililokauka likiwa limefika magotini, au kwa mahindi yaliyoota ukungu ghalani.

Jibu langu nalitoa mapema ili mwenye haraka aendelee na shughuli zake. Kama zao lako litaishi kwa mvua tu, yaani mahindi, maharagwe, soya, alizeti au ndizi, Uganda inaishinda Kenya, mradi uchague wilaya na si nchi. Kama unataka nyanya, vitunguu au pilipili hoho za soko la Nairobi, na hasa ukitaka kuvuna wakati wengine hawana, baki Kenya karibu na mto au chemchemi unayoweza kuipatia kibali. Anayeniambia kwamba anakwenda Uganda kulima nyanya za kuuza Marikiti, soko la hapa Nairobi, kwa sababu "kule kuna maji mengi", ndiye hasa ninayemwandikia.

Tuanze na takwimu ambazo watu hutumiana kwenye simu. Kwa hesabu za FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, pamoja na sensa za nchi zenyewe, hali iko hivi:

| | Kenya | Uganda |
|---|---|---|
| Ukubwa (kilomita za mraba) | 580,000 hivi | 241,000 hivi |
| Wastani wa mvua kwa mwaka | milimita 630 | milimita 1,180 |
| Maji yanayozaliwa ndani ya nchi kwa mwaka (mita za ujazo) | bilioni 20.7 | bilioni 39 |
| Jumla, pamoja na yanayoingia kutoka nje | bilioni 30.7 | bilioni 60.1 |
| Watu | milioni 47.6 (sensa ya 2019) | milioni 45.9 (sensa ya 2024) |

Gawanya mwenyewe utaona kwamba fungu la Mkenya mmoja ni karibu mita za ujazo 645 kwa mwaka, na la Mganda karibu 1,310. Wataalamu wa maji huweka mstari kwenye 1,000. Nchi iliyo chini yake huhesabiwa kuwa na uhaba. Kenya iko chini, tena mbali. Uganda iko juu, lakini kuna mstari mwingine wa 1,700 ambao nchi ikiwa chini yake huanza kubanwa, na Uganda nayo imo humo. Kwa hiyo ile picha ya jirani anayeogelea katika maji huku sisi tukilamba umande imetiwa chumvi.

Kuna hesabu nyingine ambayo bado sijaona mtu akiituma. Zidisha mvua kwa ukubwa wa nchi. Kenya nzima hunyeshewa karibu mita za ujazo bilioni 365 kwa mwaka, na Uganda karibu bilioni 285. Kwa jumla, basi, mbingu huimwagia Kenya maji mengi kuliko Uganda. Lakini katika yale ya Kenya, yanayobaki yakawa mto, ziwa au maji ya ardhini ni kama asilimia 6. Uganda hubakiwa na karibu asilimia 14. Kenya ni nyumba yenye paa kubwa na tangi dogo.

Sababu inajulikana na yeyote aliyesafiri kaskazini ya Isiolo. Zaidi ya asilimia 80 ya nchi ni kame au nusu kame. Lodwar hupata kama milimita 200 kwa mwaka, na jua la huko lina uwezo wa kukausha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka huohuo. Mvua ikija huja kwa fujo, laga, yaani mito ya msimu, hujaa kwa saa chache, hubeba mbuzi na wakati mwingine watu, kisha kesho yake mchanga mtupu. Maji ya kudumu ya Kenya yanatoka sehemu chache za juu: Mlima Kenya, Aberdare, Mau, Cherangani na Elgon. Shamba lako la Kenya lina maana kulingana na umbali wake na mojawapo ya minara hiyo mitano ya maji, kuliko kulingana na wastani wowote wa taifa.

Uganda maji yanakaa. Nchi imelala kama bakuli pana kati ya Ziwa Victoria, Kyoga na Albert, mito inakwenda polepole, na vinamasi vimetanda kila bonde. Maji yanayonyesha Aprili bado yanaonekana Julai. Hiyo ndiyo tofauti kubwa ya nchi hizi mbili, na ndiyo inayowavutia watu. Inawaponza pia, na nitaeleza kwa nini.

Kabla ya hapo, misimu. Mtu wa Nairobi amezoea masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, na hudhani dunia nzima iko hivyo. Kusini mwa Uganda, kuanzia Kampala hadi Masaka, mpangilio unafanana na wetu, ila vuli huanza mapema, Septemba. Ukipanda kaskazini, Masindi, Lira hadi Gulu, misimu miwili inashikana. Mvua huingia karibu Aprili na kuendelea hadi Oktoba, ikipungua katikati bila kukatika kabisa, halafu Desemba hadi Februari ni kiangazi kikali.

Mahindi yanahitaji milimita 500 hadi 800 tangu mbegu hadi kukomaa, kutegemea aina na joto. Machakos hupata kama milimita 700 kwa mwaka. Anayesoma juu juu husema zinatosha. Lakini zimegawanywa mara mbili, kwa hiyo kila msimu una kama 350, na hapo ni mwaka mzuri. Ndiyo maana kituo cha utafiti cha Katumani, pale Machakos, kilizalisha mbegu ya mahindi inayokomaa haraka kabla mvua haijaondoka. Gulu, kwa upande mwingine, hupata kama milimita 1,500, na zimenyooshwa katika miezi saba. Ukiziweka kwenye mizani ya kawaida utasema Gulu ina mara mbili ya Machakos. Kwa mkulima wa mahindi, mmoja ana msimu na mwingine anabahatisha.

Lakini "Uganda" ninayoisifu hapa si Uganda yote. Kutoka Isingiro na Mbarara kusini magharibi, kupitia Nakasongola, hadi Karamoja kaskazini mashariki, kuna ukanda mkavu ambao Waganda wenyewe huuita ukanda wa ng'ombe. Ardhi huko ni bei ya chini, tena ni tambarare na safi machoni, na madalali huipenda sana. Ukikodi hapo kwa ajili ya mahindi umekodi malisho. Karamoja, ambayo ni ndugu wa Turkana kwa hali ya hewa na kwa watu, ilipigwa na njaa kali mwaka 2022, wakati uleule ambapo upande wetu mifugo ilikuwa ikilala kando ya barabara.

Na Kenya inayodharauliwa si Kenya yote. Kakamega, Kisii na Kericho hupata milimita 1,900 hivi au zaidi, mvua ambayo sehemu nyingi za Uganda hazipati. Trans Nzoia iko kwenye Mlima Elgon, na Elgon hauna pasipoti: mawingu yanayonyeshea Mbale na Kapchorwa ndiyo yanayozunguka yakanyeshea Kitale. Mto Suam unaanzia juu ya mlima huo, unakuwa mpaka wa nchi hizi mbili kwa muda, halafu unaingia Kenya na kuwa Turkwel. Anayetaka mvua ya Uganda bila makaratasi ya Uganda, Trans Nzoia ipo. Shida ni kwamba kila mtu analijua hilo, na ekari moja ya kukodi huko inapiganiwa na wenye matrekta. Miteremko ya Elgon upande wa Uganda pia si ya kuchezea. Bududa imeporomoka mara nyingi, na maporomoko ya Machi 2010 yalifukia kijiji.

Sasa nirudi kwa yule wa nyanya.

Ziwa Victoria ndilo linalomvutia. Kenya ina asilimia 6 tu ya ziwa hilo, Uganda ina zaidi ya asilimia 40, na Tanzania karibu nusu. Ukiwa juu ya kilima kule Mukono unaliona limetandaa hadi upeo wa macho, unasema, hapa siwezi kukosa maji. Lakini ziwa liko chini, mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na shamba liko juu. Maji hayo lazima yapandishwe, na mwenye kuyapandisha ni pampu, na pampu inakula mafuta au stima. Tena sheria ya Uganda inataka mita 200 kutoka ukingo wa ziwa ziachwe bila kulimwa, na mita 100 kwa mito mikubwa. Kwa hiyo lile shamba "lililo ziwani kabisa" ambalo dalali anakuonyesha kwa picha huenda haliruhusiwi kuwa shamba. Hata kama ungelilima, ziwa lenyewe hupanda. Mwaka 2020 lilivuka rekodi iliyokuwa imekaa tangu 1964, likafunika mashamba, hoteli na vijiji vya wavuvi pande zote za mpaka.

Kinamasi ni mtego mbaya zaidi. Ni cheusi, kina rutuba, kina unyevu Februari wakati kila kitu kimekauka, na watu wa hapo watakuambia wamelima mpunga ndani yake miaka mingi. Katiba ya Uganda imeviweka vinamasi mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi, na tangu 2021 mamlaka ya mazingira ilisimamisha vibali vipya vya kuvitumia. Mwenyeji akifukuzwa kinamasini ana pa kurudi. Wewe mgeni kutoka Nairobi umepoteza kodi, mbegu na msimu, na huna wa kumlalamikia, kwa maana aliyekukodisha hakuwa na chake cha kukodisha.

Visima virefu je? Sehemu kubwa ya Uganda imekaa juu ya miamba ya kale ambayo maji yake yamo katika nyufa na katika tabaka la mwamba uliolainika. Hutoa maji ya kutosha pampu ya mkono ya kijiji, na ndiyo iliyosambaa kila mahali. Kulisha ekari nne za nyanya ni jambo jingine. Kenya nayo ina yake: maji ya chumvi katika sehemu nyingi za Ukambani na kaskazini, floraidi katika Bonde la Ufa, na hapa Nairobi visima vimekuwa vingi hadi maji yanazidi kushuka chini mwaka hadi mwaka. Nchi zote mbili, usichimbe kabla ya mpima maji wa kweli, mwenye vifaa, kuja shambani. Yule wa kijiti cha matawi mawili mlipe chai tu.

Watu husahau kwamba ukame umeifundisha Kenya kumwagilia, na wingi wa mvua umeifanya Uganda isijifunze kwa haraka. Uganda ina skimu zake za umwagiliaji, kama Doho kule Butaleja inayotumia Mto Manafwa na Mubuku kule Kasese, lakini eneo linalomwagiliwa bado ni dogo sana ukilinganisha na linalolimwa. Huku kwetu, Mwea inamwagilia mpunga tangu miaka ya 1950 kwa maji ya Thiba na Nyamindi, mito ya Mlima Kenya, na bwawa la Thiba lililokamilika 2022 limeongeza akiba. Kimana, karibu na Loitoktok, inalima nyanya na vitunguu kwa chemchemi ambazo zinalishwa na Kilimanjaro. Kibwezi ina maji ya Milima ya Chyulu. Ukienda maeneo haya unakuta fundi wa pampu, duka la mabomba ya matone, kijana anayejua kufungua mfereji saa tisa usiku zamu ikifika, na lori la kwenda Nairobi likisubiri. Vitu hivyo havionekani katika takwimu za maji, ila ndivyo vinavyogeuza maji kuwa nyanya.

Hesabu ya kuipa sura: milimita moja ya maji juu ya ekari moja ni kama lita 4,000. Zao la nyanya linahitaji milimita 400 hadi 600 kwa msimu. Chukua 500, hiyo ni lita milioni 2 kwa ekari. Lori la maji la lita 10,000, kama yale yanayozunguka South B na Syokimau, lingelazimika kuja mara 200. Nimewahi kusikia mtu akisema kwamba ataanza kidogo na tangi la paa. Paa la mita mia moja za mraba hapa Nairobi, kwa mvua ya milimita 1,000 hivi ya jiji, linaweza kukupa lita 80,000 kwa mwaka ukitoa zinazopotea. Kwa nyumba ni neema. Kwa ekari ya nyanya ni asilimia 4 tu ya anachohitaji, hata zao moja hulimalizi. Kwa hiyo unayekodi kwa ajili ya mboga unakodi mto, na udongo unakuja kama nyongeza.

Na mto wa Kenya una wenyewe. Sheria ya Maji ya 2016 inadai kibali kutoka Mamlaka ya Rasilimali za Maji kwa anayevuta maji kwa mtambo. Anayechota kwa ndoo kwa matumizi ya nyumbani haguswi. Uganda pia pampu ya injini ina kibali chake, kutoka idara ya rasilimali za maji ya wizara. Tofauti iko kwenye msongamano. Juu ya Mto Ewaso Ng'iro, kule Laikipia, vyama vya watumiaji maji hupanga zamu ya kuvuta wakati wa kiangazi, kwa kuwa wakulima wa juu wakijiachia, wafugaji wa chini huamka mto ukiwa mchanga. Ukikodi huko, ujiunge na chama cha watumiaji kabla ya kununua pampu, ujue siku zako za zamu, na uzihesabu kama ndizo siku zenye maji. Mito inayoshuka kutoka Aberdare kupitia Murang'a nayo inatazamwa na jiji zima. Nairobi inakunywa kutoka bwawa la Ndakaini, lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 70, na kutoka Sasumua na Ruiru, na bado mitaa mingi inapata maji kwa mgao. Mkulima akivutana na jiji, najua nani atatangulia kuhudumiwa.

Mambo ambayo watu wa mvua nyingi hawayasemi ni haya ya kuvuna. Kaskazini mwa Uganda zao la kwanza linakomaa katikati ya mvua. Huna jua la kutosha la kuanikia, barabara ya udongo imekuwa uji, lori linakwama, na gunia likikaa siku nne na unyevu ukungu unaingia. Ukungu huo huzalisha sumu ya aflatoksini. Machi 2021 Kenya ilifunga mpaka kwa mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo hiyo, na malori yakajaa Malaba na Busia. Siku chache baadaye ikafungua kwa masharti ya cheti cha usalama. Kwa hiyo anayekodi Uganda kwa ajili ya mahindi aweke katika bajeti turubai, kipima unyevu, na ikiwezekana mashine ya kukausha. Punje zinatakiwa zishuke hadi unyevu wa asilimia 13.5 au chini ya hapo. Ukame wa Machakos, pamoja na ubaya wake wote, hukausha mahindi bure.

Magonjwa ni hivyohivyo. Nyanya haipendi majani mabichi usiku na mchana. Kwenye mvua ya mfululizo ugonjwa wa ukungu unaochoma majani hukulazimisha kupuliza dawa mara kwa mara, na mvua ya jioni inaiosha dawa uliyopuliza asubuhi. Mkulima wa Kimana anayemwagilia chini kwenye shina huku juu kukiwa na jua kali anapuliza mara chache zaidi. Hapo ndipo upungufu wa mvua unakuwa mtaji, na ndiyo sababu nasema mtu wa nyanya asihame.

Suala la mwaka hadi mwaka ni zito kuliko wastani. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo ilishindwa kaskazini na mashariki mwa Kenya, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa. Halafu vuli ya 2023 ikaja na El Niño, na masika ya 2024 yakaleta mafuriko yaliyoingia hadi Mathare na kuua watu wengi usiku mmoja karibu na Mai Mahiu. Mtu aliyekodi shamba la mvua Makueni mwaka 2020 kwa mkataba wa miaka mitatu alilipa kodi ya vumbi. Sehemu za Uganda nje ya ule ukanda mkavu huyumba pia, ila huyumba kidogo zaidi, maana ziwa lenyewe hutengeneza mvua yake na upepo wa magharibi kutoka misitu ya Kongo huleta unyevu ambao haumfikii mtu wa Kitui. Vuli ndiyo inayoyumbishwa zaidi na joto la Bahari ya Hindi. Bahari ya upande wetu ikiwa na joto kuliko ya upande wa Indonesia, tunapata mvua kubwa. Ikigeuka, tunapata vumbi. Habari njema ni kwamba hili hutabirika miezi kadhaa mbele. Kituo cha hali ya hewa cha ICPAC, kilicho hapa pembezoni mwa Nairobi, hutoa utabiri wa kanda nzima kabla ya kila msimu, na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya huutoa kwa kaunti. Masika ni mgumu zaidi kuutabiri, na kwa bahati mbaya ndio msimu ambao watu wengi huuwekea pesa.

Kuhusu ardhi nitapita haraka, si mada yangu. Mkenya Uganda ni mgeni kisheria. Anaweza kupata ardhi kwa kukodi hadi miaka 99, lakini hawezi kuimiliki moja kwa moja. Katika Buganda kuna ardhi ya mailo, ambayo mwenye hati anaweza kuwa mmoja na wenye vibanja, yaani wakazi wa ardhi hiyo wanaolindwa na sheria, wakawa wengi juu yake. Ukikodi kutoka kwa mwenye hati bila kuongea na wenye vibanja, utapanda na wao watavuna. Mwone mwanasheria wa huko, na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kabla ya kutoa hata shilingi.

Barabara ina uzito wake katika hesabu ya maji. Kutoka Nairobi hadi Malaba ni zaidi ya kilomita 400, halafu Gulu iko mbali zaidi ya hapo, na foleni ya mpakani haiheshimu nyanya. Mahindi yaliyokaushwa vizuri yanaweza kusubiri foleni. Soya inaweza kusubiri. Kwa hiyo tazama zao lako lina maji kiasi gani ndani yake: likiwa kavu, linaweza kusafiri kutoka nchi ya mvua, likiwa bichi, lisogeze karibu na walaji, hata kama utayavuta maji kwa taabu.

Wanachama wakikaa kuamua, mimi ningegawa pesa hivi. Chama chenye subira, ambacho mtu mmoja yuko tayari kuhamia huko msimu mzima, kikodi Masindi, Kiryandongo au Gulu, kilime mahindi na soya kwa mvua, na theluthi ya bajeti iende kwenye kukausha na kuhifadhi. Kama wote wana kazi za mjini na shamba litatembelewa Jumamosi, sahauni Uganda. Kodini ekari mbili tu, si kumi, Kirinyaga au Kimana, zenye zamu ya maji iliyoandikwa, na mlime kitu cha kuuza ndani ya siku mbili. Anayetamani ekari kumi za Kajiado kwa sababu ziko karibu na bei ni nzuri, amuulize mwenye shamba maji yako umbali gani chini na yana chumvi kiasi gani. Mara nyingi bei nzuri ya Kajiado ni bei ya kisima ambacho bado hakijachimbwa.

Mkienda kutazama, nendeni Februari. Ni kiangazi pande zote mbili, na mto mtakaoukuta Februari ndio mto mnaokodi. Waulizeni majirani watatu tofauti, na asiwe mmoja wao ndugu wa dalali: mwaka gani wa mwisho mto huu ulikauka, na mwaka gani wa mwisho uliingia shambani. Tazameni alama za matope kwenye miti. Ulizeni kama kuna shule au misheni jirani yenye kipimamvua, maana nyingi huandika kila siku katika daftari, na miaka kumi ya daftari hilo ina faida kuliko jedwali langu la hapo juu. Onjeni maji ya kisima cha jirani kabla hajayachemsha, kisha mchukue chupa moja mkayapime maabara, muulize chumvi na floraidi. Na aliyeandikwa kwenye kibali cha maji awe ndiye anayewakodisha, au awe amesaini barua ya kuwaruhusu.